Nyuzi Mia Moja na Hamsini

Alianza kazi ya lami kwa kushika bendera, nyekundu mkono huu, kijani mkono ule, kwenye vumbi la Maktau. Wakati huo barabara ya Mwatate hadi Taveta, karibu kilomita 90, ilikuwa ikiwekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili Voi iungane na Holili na Arusha. (Yeye ndiye anayeandika haya. Neno "mimi" lilimtia haya tangu aya ya kwanza.)

Akapandishwa akawa mtu wa reki, nyuma ya mtambo wa kutandaza. Hapo ndipo alipojua kwamba lami ina saa yake. Mchanganyiko wa lami na kokoto hutoka kwenye mtambo wa kuchanganyia na joto la nyuzi 150 hivi. Ukipoa hadi karibu 80, rola hupita juu yake bure, haushindiliki tena. Siku moja lori lilichelewa kwa sababu ya ndovu, maana barabara hiyo hukata Tsavo Magharibi, na ndovu hawasomi kipimajoto. Foromani alikichomeka kwenye shehena, akakisoma, akasema neno moja: "Rudisha."

Jua la Voi angalau humpa fundi nafasi. Huko juu Wundanyi, kwenye ukungu na kona za mlima, rola hulifuata tandazo kama mtoto na mamaye.

Uchovu wa kweli haukutokana na joto. Miaka iliyofuata, kwenye kandarasi nyingine mbali na hapo, mitambo ilizimwa ghafla na vibarua wakaambiwa wasubiri, mwenye kandarasi hajalipwa. Walisubiri hadi nyasi zikaota kwenye changarawe. Wengi walidhani ni uongo, lakini madeni ya makandarasi Kenya ni kweli. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta, na mwaka 2025 serikali ikaziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate bilioni 175 za kuwalipa. Kwa hiyo bodaboda wa Voi anayejaza tangi leo analipia lami iliyokwisha kukanyagwa zamani. Na lami yenyewe huja kwa meli: kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo 2013.

Siku hizi huwafundisha vijana lami baridi, ile iliyochanganywa na maji, inayozibia mashimo ya barabara ndogo bila kuwasha moto. Wanahitaji toroli, fagio na rola ndogo ya kusukuma, basi. Lami hii hutoka kwenye pipa ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, kisha maji yakijitenga inageuka nyeusi mbele ya macho yao.

"Mzee," kijana mmoja alimuuliza, "na pesa itageuka lini?"

Alicheka, akamwonyesha pipa linalofuata.