Jicho halina spea

Kuna jamaa yangu kanunua kerezo, ile mashine ya kuzungusha mti, na sasa anataka kukomba mtungi wa mninga. Kaniuliza: kwa nini nihangaike na chuma cha dukani wakati nina tupa kuukuu? Si nainoa tu?

Jamani, hapana! Tupa hufanywa ngumu ili ikwangue chuma kingine. Ugumu huohuo unaifanya iwe kama kioo: haipindi, inakatika. Na kukomba ndani si sawa na kuchonga nje. Kadiri ncha inavyozama mtungini, ndivyo inavyokuwa mbali na egemeo, na mti unaozunguka unaipiga kwa nguvu zaidi. Ikikatika, kipande hakichagui pa kutua.

Kwa hiyo pima kina kwanza, bei baadaye. Kwa bakuli fupi chuma cha kawaida kinatosha. Mtungi mrefu unataka fimbo nene, mpini mrefu na ncha ndogo.

Mafundi wetu ni mabingwa wa kugeuza chakavu kuwa vifaa, na hilo nawapa heko. Ila tupa iachieni kazi yake. Au nyie mnasemaje?