Prezida wa Zamani Anataka Kurudia



Siku moja ya posho, jioni, vijana watatu wa ekipe ya mtaa wetu walibisha mlangoni kwangu. Vumbi la kiwanja lilikuwa bado kwenye miguu yao. Mama wa nyumba akawapa viti, akaongeza maji kwenye chai. Mkubwa wao akasema:

«Papa Pasta, tuko na neno. Prezida wa zamani anataka kurudia. Kesho, nyuma ya ibada, basupota batakutana ku kiwanja. Banataka weye njo uongoze mukutano, juu hauko wa upande hata moya.»

Niliitika. Lakini usiku ule usingizi ulinikimbia. Sababu yake nitaieleza kule mbele.

Huku kwetu Katanga mpira na kazi ni ndugu tangu zamani. Kule Lubumbashi ekipe mbili kubwa zilizaliwa mwaka mmoja, 1939: Mazembe kwa mapadri Wabenedikto, na Saint-Éloi Lupopo kati ya watu wa reli, ndiyo maana mpaka leo wanaitwa Cheminots. Hata ekipe ndogo kama yetu ilikuwa na baba yake. Nilipokuwa mtoto mu kambi ya wafanyakazi, kampuni ndiyo ilitoa mayo, na lori la kubeba wachezaji. Kisha kazi ya shaba ikadhoofika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba; mwaka 1994 haikufika hata 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi. Mahali ambapo baba mwenyewe anatafuta chakula cha watoto, nani atakumbuka mpira? Tangu pale ekipe nyingi zilianza kutafuta baba mwingine: mtu mmoja mwenye mfuko.

Sisi tulimpata. Alikuwa mfanyabiashara wa muchanga, mtu wa kucheka na wote. Alinunua mayo za rangi mbili, akalipa basi ya kwenda Kolwezi na Lubumbashi, tukapanda daraja. Watu waliimba jina lake mpaka sokoni. Kisha, miaka sita imepita, alisafiri bila kuaga. Simu yake ikafungwa. Tulibaki na deni la mikate, deni la basi, na swali moja: falanga za mchezaji wetu aliyeuzwa kwa ekipe kubwa ziliingia wapi? Hakuna aliyejua.

Siku ya yenga, kiwanja kilijaa kuliko kanisa. Nawaambia ukweli, nilisikia wivu kidogo.

Kijana wa kwanza alisimama: «Tunacheza na viatu ya kukodesha. Ule muntu iko na falanga. Mweye munaomukatala, muko na nini?» Wengi wakapiga mikono.

Mwingine akaleta mfano wa Mazembe: «Balikamata kombe ya mabingwa 1967 na 1968, kisha ile kombe ikawakimbia miaka makumi ine. Katumbi alianza kuongoza mu 1997. Angalieni: 2009, 2010, 2015! Na mu Desemba 2010 balifika fainali ya dunia na Inter ya Italia. Bila muntu mukubwa, ekipe njo bule.»

Mzee mmoja, fundi wa zamani wa kiwanda, akaomba neno. Alisema polepole: «Mwanangu, umesema vizuri, lakini malizia. Katumbi alikuwaka inje ya inchi tangu 2016 mpaka 2019. Mu ile miaka Mazembe ilikamata kombe ya shirikisho, 2016, tena 2017. Mwenye nyumba alikuwa mbali na nyumba haikuanguka. Wetu alipoenda, hata balo moya haikubakia. Miye siulize kama arudie. Naulizia akienda tena, tutabakia na nini?»

Kelele ikawa kubwa. Wengine walisema mzee ana haki, wengine walisema wazee hawana njaa ya ushindi. Mtu mmoja akanigeukia: «Pasta, weye unatufundishaka kusamehe. Sema basi!»

Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja wa kanisa letu akasimama. Wote tunamjua. Mtoto wake alivunjika mguu akichezea ekipe, na prezida aliahidi mbele ya watu kulipa hospitali. Ahadi ilibaki ahadi. Mama akauza mashini yake ya kushona.

«Miye nilishamusamehe,» alisema. «Nilimusamehe mu mwaka wa kwanza, juu sikutaka kulala na ile muzigo. Akipita kwangu leo, nitamupa bukari. Lakini ufunguo ya sanduku, hapana. Na mashini yangu iko wapi?»

Hakuna aliyepiga mikono. Watu walinyamaza.

Sasa ile sababu ya kukosa usingizi. Mtu yule alipokuwa prezida, alilipa kanisa letu mabati 40. Mvua ilikuwa inatunyeshea wakati wa ibada, na mabati yale yalikuwa furaha kubwa. Nyuma ya miezi michache, mhazini wa ekipe, mwamini wetu, alikuja kwangu na daftari chini ya mkono. Alisema hesabu haziendi, akaniomba nifuatane naye kwa prezida. Nilimjibu, «Ndugu, tuombe kwanza.» Kuomba ni kuzuri. Lakini siku ile nililitumia ombi kama mlango wa kutorokea. Ku shule ya Biblia nilifundishwa mambo mengi. Hili la kuogopa aliyekupa mabati sikufundishwa, nililijua mwenyewe.

Basi pale kiwanjani nilieleza yote. Nilisema: «Munasema siko wa upande hata moja. Haiko kweli. Upande wangu uko juu ya kichwa chenu kila siku ya yenga.» Mhazini alikuwa amesimama karibu na goli. Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Kesho yake nilienda kwake kumwomba msamaha. Alinipokea, lakini hakusema mengi, na mimi sikumlazimisha.

Mkutano ulikata hivi: prezida wa zamani aitwe, ajibu juu ya mchezaji aliyeuzwa, madeni, na mashini ya mama. Akijibu, ataingia kwanza kama supota, kama sisi wote. Na tangu sasa, yeyote atakayekuwa prezida, sanduku litakuwa na funguo mbili kwa watu wawili, na daftari litasomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Alikuja. Alimlipa mama nusu ya bei ya mashini, akaomba muda kwa ile nusu ingine. Juu ya mchezaji alikasirika, akasema hatuna shukrani. Mpaka leo neno lile halijakwisha, na yeye bado si prezida.

Vijana wangu, kusamehe hakungoji hesabu. Mama yule ametufundisha. Lakini kumpa mtu sanduku ni neno lingine, linataka daftari. Na wakati wa kuuliza daftari ni pale mtu angali anatoa, wakati nyimbo bado zinaimbwa. Tukingoja mpaka atoroke, hatuulizi tena, tunalia tu. Ni vile mu ekipe, mu kanisa, hata mu nyumba.

Siku ya posho iliyopita tulicheza na viatu vya kukodesha. Tulifungwa magoli matatu kwa bule. Jioni ile ile mhazini alisoma daftari mbele ya watu, akataja mpaka bei ya maji ya wachezaji. Watu walikaa mpaka mwisho.