ROBOTI ILIMALIZA KAZI YAKE, KASHESHE IKAANZA KWENYE MIONZI

Kama umewahi kula harusi Ngara, kuanzia mjini mpaka Kabanga, sauti ya huyu MC unaijua. Jina libaki kapuni.

Siku hizi mkono mmoja maiki, mkono wa pili chupa ya maji. Mitandaoni wapo wanaoandika kalewa, wengine wanampa na maradhi ambayo hana. Ukweli ni kwamba jamaa aliugua saratani ya koo, akafanyiwa upasuaji wa roboti India. (Na roboti haijiendeshi jamani, daktari anakaa pembeni anaongoza ile mikono midogo inayopitia mdomoni, taya halipasuliwi.) Akapiga selfi, watu wakaandika "pona haraka mkuu", imeisha hiyo.

Kumbe bado. Ikaja mionzi Bugando, Mwanza, siku 5 kwa wiki, wiki 6, ili kuua mabaki yasiyoonekana. Kila siku analala kitandani, uso umebanwa na barakoa ya plastiki iliyoumbwa kwa sura yake asitikisike. Wiki mbili za mwanzo alikuwa anacheka tu. Ya tatu vidonda vikajaa mdomoni, mate yakawa mazito kama gundi, kisha yakakata. Ngozi ya shingo ikaungua ikawa nyeusi. Bi mkubwa akampelekea ndizi na maharage: "Kula mwanangu, hata kidogo." Anasema ilikuwa kama kutafuna jani la mgomba. Mtu wa Ngara akose ladha ya ndizi, hebu fikiria!

Mionzi iliisha zamani, ila mate hayajarudi yote. Usiku anaamka mara kibao kunywa maji. Na mate yakiwa machache meno yanaoza fasta. Jino la nyuma lilipoanza kumsumbua alitaka aling'oe siku hiyo hiyo, bahati dada yake akamzuia. Taya lililopigwa mionzi, mfupa wake unaweza kugoma kupona, kwa hiyo daktari wa meno lazima aambiwe kabla hajashika koleo. Damu nayo anapima mara kwa mara kuangalia tezi ya shingo, maana huchoka taratibu, mtu akabaki na uchovu na baridi asijue vimetoka wapi.

Kusherehesha bado anasherehesha, ila nusu. Akishatambulisha wazazi wa pande zote mbili, anampa mdogo wake maiki, anaenda kukaa nyuma ya spika na chupa yake.