Saa Tatu Mbele



Majuma machache yaliyopita kilirudishwa ofisini kwetu hapa Mhunze cheti kimoja cha ubatizo, kimekunjwa mara nne, na juu ya bahasha pameandikwa kwa kalamu nyekundu: "Tarehe mbili. Tafadhali fafanueni." Kilikuwa cheti cha kijana wetu anayefanya kazi upande wa Geita, ambako ndoa yake ilikuwa ifungwe. Juu ya karatasi ilikuwa imechapwa tarehe 15; chini, ubavuni mwa sahihi yangu, mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika tarehe 14. Paroko mwenzangu alikataa kukipokea, na haki ilikuwa yake, kwa maana karatasi ya ndoa yenye tarehe mbili humfanya mtu ajiulize ni nani ameigusa. Hivyo Dominika ya kwanza ya matangazo ikapita bila majina ya wachumba wale kusomwa, na ndugu waliokwisha kupanga safari wakaanza kupiga simu.

Kilikuwa cheti cha tatu kurudishwa kwa kosa lile lile. Nilimwita mama katibu wa parokia, nikamwekea vyeti vyote vitatu mezani, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Padre, mimi niliiacha inasoma kumi na nne." Nikamjibu kwamba karatasi haisemi uongo. Akazichukua, akarudi mezani kwake, na kwa siku mbili zilizofuata akanisalimu kwa heshima yote bila kuongeza neno.

Sasa niruhusuni nieleze habari za kompyuta yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa. Ni kompyuta ya mezani, msaada wa miaka mingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 ulipokoma utunzaji wa kawaida wa Windows 10, tulishauriwa kupanda kwenda Windows 11, lakini mashine yetu ilikuwa mzee mno kukubaliwa: mfumo huo unadai chipu ya usalama na prosesa za miaka ya karibuni. Fedha ya kununua nyingine haikuwapo. Mwalimu mmoja wa fizikia, muumini wetu, akajitolea kutuwekea Linux, ambayo hailipiwi na ambayo mashine kuukuu huibeba bila kuhema. Windows ya zamani tuliiacha upande mmoja wa diski, haiunganishwi tena na intaneti, kwa sababu programu ya hesabu anayoitumia mhasibu wetu, mzee mstaafu, haifanyi kazi kwingine. Kwa hiyo mashine moja ikawa na mifumo miwili, na kila anayeiwasha huchagua wake.

Jina la Linux halikuwa geni kwangu. Nilipokuwa seminari kuu Kipalapala, mwenzetu mmoja alipokea kwa posta bahasha yenye diski za Ubuntu, bure kabisa. Miaka ile walikuwa wakizituma duniani kote kwa yeyote aliyeziomba, na hawakuacha mpaka mwaka 2011. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akaupa jina ambalo Msukuma hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa husema munhu na banhu. Mwaka huo huo wa 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Nakiri kwamba diski ile niliitumia zaidi kama kioo cha kunyolea ndevu.

Kilichonishangaza safari hii si mfumo wenyewe bali watu wake. Siku ya kwanza tu Wi-Fi ilitoweka, kwa sababu chipu ya redio iliyomo ndani ilihitaji programu ambayo haikuwamo, na ya kuipakua isingewezekana bila hiyo hiyo Wi-Fi. Nilidhani tumekwama. Mwalimu akachukua simu yake, akaiunganisha na kompyuta kwa waya wa kuchajia, akairuhusu simu igawe intaneti kupitia waya huo, na baada ya dakika chache kila kitu kikawa sawa. Nilimwuliza alijifunzia wapi. Akasema alielekezwa na muuguzi mmoja wa Kahama, naye alielekezwa na mtu ambaye hamjui. Niliomba kumlipa, akacheka. Akaniambia kwamba deni hilo halilipwi kwake: nitalilipa siku nitakapomwona mwingine amekwama hapo nilipokwama mimi.

Wazee wa huku wanaujua utaratibu huo. Basumba, yaani vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao nsumba ntale, walilima shamba la huyu leo na la yule kesho, na aliyelimiwa hakukaa nyumbani jembe la mwenzake lilipoitwa. Linux nayo ilianza kwa namna ya kufanana. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, aliwatangazia watu wengine kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu, akawauliza wao wangependa kuona nini ndani yake. Aliuliza kwanza. Katika kazi yangu mimi nimezoea kujibu kwanza.

Turudi kwenye saa. Muda si mrefu baada ya kuhamia Linux, mama katibu aliniambia kwamba saa ya kompyuta inakimbia. Nilimjibu kwamba ukutani kuna saa nyingine. Kwa kweli wengi wetu hatukuijali, kwa kuwa macho yetu yamezoea kusoma tarakimu za mashine na kuzigeuza kichwani: inaandika 8:00, sisi tunasema saa mbili. Ikiandika 11:00, mtu mwenye haraka haoni ajabu. Baadaye niliitazama vizuri nikaona kwamba imekosea, nikampigia mwalimu, nikamwambia kwa kifupi, "Saa ni mbovu." Akajibu kwamba bila shaka ni ile betri ndogo ya duara iliyomo ndani ya mashine, inayotunza saa umeme ukizimwa. Nilinunua betri mpya, akaja kuiweka. Saa ikasimama sawa. Jumatatu iliyofuata ikaharibika tena.

Mwalimu hakuona aibu kushindwa, na hilo pia niliona ni jema. Alimpigia mwanafunzi wake wa zamani, kijana anayetengeneza simu na kompyuta Katoro, kule kwenye pilikapilika za dhahabu, akanikabidhi simu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Saa imekosea kwa kiasi gani?"

"Imekosea sana, mwanangu."

"Samahani, Padre. Sana ni ngapi?"

Nikaenda kutazama. "Saa tatu."

"Kamili, au na dakika?"

"Kamili."

"Imetangulia au imechelewa?"

"Imetangulia."

"Basi si betri. Betri ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma, haihesabu saa tatu kamili. Na huwa inaharibika lini? Nani mwingine anaiwasha?"

Nilitaka kumwambia kwamba maswali ni mengi mno. Nikakumbuka ni mara ngapi mtu amekaa mbele yangu na taabu yake, nami kabla hajafika katikati nimekwisha kumpa ushauri.

Alinieleza kwa subira. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo isiyojua nchi. Windows huichukulia kwamba inaonyesha saa ya mahali ilipo. Linux huichukulia kwamba inaonyesha saa ya ulimwengu, ambayo sisi Tanzania tumeitangulia kwa saa tatu, kisha huongeza zile tatu yenyewe. Kila Jumatatu mzee wetu wa hesabu alifungua Windows, akakuta saa iko nyuma, akairekebisha kwa moyo mwema. Mama katibu alipofungua Linux, ikaongeza saa tatu juu ya saa ambayo tayari ilikuwa sahihi. Siku tuliponunua bando na kuunganisha intaneti, Linux ilijisahihisha, na kwa kujisahihisha ikamharibia mzee. Wote wawili walikuwa wakitengeneza. Kijana akaongeza kwamba mtu wa Bukavu mwenye mashine kama yetu angeona kosa la saa mbili, kwa kuwa wao wako mbele ya saa ya ulimwengu kwa mbili tu; ndiyo maana alitaka kujua "sana ni ngapi".

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa kuandika upande wa Linux, nao ninauweka hapa kwa ajili ya yeyote mwenye mifumo miwili: timedatectl set-local-rtc 1. Unaiambia Linux iichukulie saa ya ndani kama Windows inavyoichukulia. Alituonya kwamba Linux yenyewe italalamika kidogo, kwa sababu utaratibu huo huleta matatizo katika nchi zinazobadili saa mara mbili kwa mwaka. Sisi hatubadili.

Nilimshukuru, nikawa karibu kukata simu. Ndipo akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Padre, angalieni na barua zenu. Zilizochapwa baada ya saa tatu usiku zitakuwa na tarehe ya kesho."

Nilikaa kimya mpaka akaniuliza kama bado nipo.

Mama katibu huondoka ofisini saa kumi na moja jioni. Huandaa vyeti mchana, huviacha ndani ya kompyuta, na tarehe iliyo juu ya vyeti hivyo haiandikwi kwa mkono: tulikwisha kuiweka ijiandike yenyewe kila faili linapofunguliwa. Anayefungua usiku, baada ya chakula, akasoma, akachapa, akatia sahihi na tarehe kwa kalamu, ni mimi. Mashine ilidhani usiku wa manane umekwisha kupita. Vyeti vyote vitatu vilitoka chini ya mkono wangu, na yeye alikuwa ameniambia habari za saa ile tangu mwanzo.

Nilitamani nitumie mwalimu kumweleza, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kitaalamu. Kishawishi hicho nilikaa nacho kuanzia masifu ya jioni mpaka asubuhi. Asubuhi nilisubiri afungue ofisi. Nilimweleza jinsi saa zilivyogombana, na nikajiona nachukua njia ndefu. Nikaacha. Nikamwambia, "Mama, vyeti vile nilivichapa mimi. Nimekukosea, na nilikukosea mbele ya watu waliokuwa wakisubiri barazani. Naomba unisamehe."

Alikuwa akipanga bahasha. Akasema, "Nilijua si mimi, Padre. Sikujua ni nani." Kisha baada ya kitambo, "Sasa kile cha kijana wa Geita tukichape saa hizi, kabla gari halijaondoka."

Tulikichapa saa mbili na robo asubuhi. Tuliambatanisha barua ya maelezo, ambayo nilisisitiza kuiandika mwenyewe, na Dominika mbili zilizofuata niliwaambia barazani wale waliokuwapo siku ile kwamba kosa lilikuwa langu. Ndoa ilichelewa kwa juma moja. Ilifungwa.

Tangu hapo Sista mmoja wa zahanati ya jirani amenipigia simu akisema saa ya kompyuta yao ni mbovu. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwuliza imekosea kwa kiasi gani. Ya kwao ilikuwa imerudi mwaka 2009. Nilimwambia anunue betri.

Kuhusu mzee wetu wa hesabu, yeye bado haamini kwamba kurekebisha saa kunaweza kuharibu saa. Mama katibu amebandika karatasi ukingoni mwa kioo cha kompyuta, kwa mwandiko wake mzuri: "Saa ikiwa mbaya, usiiguse. Uliza kwanza." Chini yake ameongeza, kwa herufi ndogo kidogo, "Hata Padre."