Nambari 135

Kabla Ituri haijawa jimbo nchini DRC mwaka 2015, na Bunia makao yake makuu, wateja wa karakana yetu ya kompyuta walikuwa hasa wenye maduka na vibanda vya fotokopi. Jenereta ikizimika ghafla, faili ziliharibika. Tukataka kujua mfumo upi wa faili unahimili zaidi, tukaanza kuendesha xfstests. Majaribio hayo yalizaliwa Silicon Graphics kwa ajili ya XFS, baadaye yakapima pia ext4 na btrfs.

Kila jaribio lina faili la majibu yanayotarajiwa. Matokeo yakitofautiana na majibu hayo, jaribio limefeli. Sasa, yako majaribio yanayoua programu makusudi. Programu hugusa ukurasa wa kumbukumbu uliopita mwisho wa faili, kerneli huipa ishara ya SIGBUS, nayo hufa. Kufa huko ndiko kufaulu. Lakini Bash, sheli inayoendesha majaribio, ilitangaza kifo hicho pamoja na nambari ya mchakato, isiyofanana kila mara, na kuongeza kwamba koredampu, nakala ya kumbukumbu ya programu iliyokufa, imetolewa. Asubuhi vijana walinilaki: “Yaya, imefeli tena!” Kumbe mfumo wa faili ulikuwa mzima.

Siku hizo tulitegemea `ulimit -c 0`, amri inayoweka kikomo cha koredampu kuwa sifuri. Nakala zikaacha kujaza diski, tangazo likabaki. Kisha matoleo mengi ya Linux yakakabidhi koredampu kwa systemd-coredump, na kerneli haizingatii kikomo hicho nakala inapopelekwa kwa programu nyingine. Basi skripti ileile ikatoa maneno haya kwenye kompyuta hii, na mengine kwenye ile.

Wapo waliotupa ujumbe wote wa makosa kwenye /dev/null. Majibu yakawa safi, ila siku fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, yenyewe ikifa, maelezo yake nayo yanapotea. Sisi tukaishia kuifungia programu inayotakiwa kufa ndani ya sheli ndogo, tukanyamazisha hapo tu, kisha tukasoma nambari inayorudishwa. Kwenye x86, SIGBUS ni 7. Ukijumlisha 128 unapata 135, na jaribio limefaulu. Ikirudi 139, hiyo ni SIGSEGV, kifo ambacho hakuna aliyekiagiza, na lazima jaribio lifeli.

Wewe unayeandika majaribio leo, zima kelele ambayo unajua chanzo chake, lakini nambari isome kila mara.