Chuma na Chumvi

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, walisema wahenga, na mzee huyu aliyezaliwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, aliukumbuka msemo huo siku alipotoa fedha zake kununua rundo la kutu. Rundo lenyewe lilikuwa tela la jeshi la Marekani, la magurudumu mawili, lililotupwa miaka mingi nyuma ya banda la mkulima mmoja karibu na mji wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Majani yalikuwa yameota ndani yake. Tairi moja lilikuwa limepasuka, na breki ya mkono imeganda kama iliyotiwa saruji. Mkewe alilitazama, akamuuliza kama amenunua jeneza. Mzee akacheka. Kijana wao hakucheka.

Ilikuwa mwaka 2013, na kijana huyo alikuwa ametimiza mwaka mmoja tangu aliporejea kutoka Afghanistan, alikopelekwa na jeshi hilohilo. Alikuwa akienda kazini na kurudi, akiwaamkia wazee wake, akila chakula chake. Lakini maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, kama ya msafiri anayengoja gari. Alipoiona rangi ya kijani iliyochujuka na nyota iliyofifia ubavuni, alisema, "Baba, hiki ulikuwa na haja gani ya kukileta nyumbani?" Mzee alijibu kwamba anataka chombo cha kubebea vitu vya kambi katika msitu wa Allegheny, kaskazini ya jimbo, ambako njia za ndani ni za kokoto na matope. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa lote. Alitaka kazi ambayo mikono miwili isingeiweza, ihitaji minne.

Matela ya namna hii yana nasaba yake, na nasaba hiyo inaanzia jirani tu na alikokuwa akiishi mzee. Kampuni ya American Bantam, ya mji wa Butler, kaskazini ya Pittsburgh, ndiyo iliyolikabidhi jeshi gari la kwanza la aina ya jeep, mwezi Septemba 1940. Lakini kampuni ilikuwa ndogo, na kazi kubwa ya kuunda magari hayo wakapewa Willys na Ford. Bantam ikabakia kuunda matela ya kukokotwa na gari ililolitangulia kulileta duniani. Matela hayo yaliundwa kama hori la chuma lisilopitisha maji, ili yaweze kuelea penye kivuko.

Tela la mzee ni mjukuu wa hayo. Linaitwa M416, ni la miaka ya 1960, na likiwa tupu uzito wake ni karibu kilo 260. Mbele lina pete nene ya chuma inayoingia katika kulabu ya gari, nayo huliruhusu kuinama na kupinda huku na huku penye mashimo. Sakafuni mna matundu ya kutolea maji, yenye vizibo vyake. Mzee alipoviona vizibo hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni kihori hiki," alisema. Baba yake alikuwa fundi wa majahazi, na yeye utotoni ndiye aliyekuwa akimshikia pamba ya kukalafatia na kopo la sifa.

Kazi ikaanza. Chumvi ambayo Nungwi hula misumari ya chombo, Pennsylvania huja kwa njia nyingine: humwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyayuke, kisha hurushwa na magurudumu na kujificha katika kila ufa wa chuma. Kwa nje sakafu ya tela ilionekana nzima. Mzee alipoigonga kwa nyundo ndogo, kama fundi anavyogonga ubao wa jahazi kuusikiliza, nyundo ilipita mpaka upande wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Mahali palipooza palikatwa, pakachomelewa bati jipya. Springi zilifunguliwa, jani baada ya jani, zikasuguliwa kwa brashi ya waya. Beringi za magurudumu zilitolewa zote na kutiwa mpya kwa grisi.

Rangi ndiyo iliyowachukulia muda. Rangi kongwe za jeshi aghalabu zina risasi, si ile ya bunduki bali madini yenyewe, na vumbi lake ni sumu. Haifai kukwaruzwa kavu. Basi walivaa barakoa, wakasugua kwa msasa wa maji, Jumamosi baada ya Jumamosi, kila mmoja ubavu wake. Mwenye barakoa halaumiwi kwa kunyamaza, na pengine hilo lilimfaa kijana. Umeme wa tela ulikuwa wa volti 24, kama ilivyo katika magari ya jeshi, ilhali gari la mzee ni la volti 12. Kijana alizing'oa nyaya zote bila ya kuombwa, akatandaza mpya.

Walipofika kwenye nyota wakahitilafiana. Mzee alishikilia kwamba kukifufua kitu ni kukirudisha kilivyokuwa, na nyota yake. Kijana alisema, "Nyota hapana, baba," akaweka msasa chini na kuingia ndani. Wiki mbili tela lilisimama peke yake uani. Katika wiki hizo mzee alimkumbuka baba yake. Jahazi lilipopandishwa pwani kutengenezwa, ubao uliooza ulitolewa, na hakuna nahodha aliyedai urudishwe kwa sababu ulisafiri safari nyingi. Jumamosi ya tatu alimwita kijana, akampa msasa. Nyota ikaondoka.

Lakini kibao kidogo cha chuma, chenye maandishi ya kiwandani, kijana hakukigusa kwa msasa. Alikipangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka herufi zikasomeka. Hapo palikuwa na kipimo cha mzigo: pauni 500, yaani karibu kilo 227.

Siku ya kupakia, alikaa juu ya ndoo na karatasi akihesabu. Maji lita 60, ni kilo 60. Hema na fremu yake, kilo 70. Jiko, gesi na vyombo, 35. Chakula, 30. Spana, jeki na tairi la akiba, 25. Jumla 220. Mzee akaja na sanduku jingine. Kijana akalitua chini.

"Basi, baba. Limejaa."

"Mwanangu, hiki ni chuma. Kitachukua."

"Huko nako tulikuwa tukisema hivyohivyo," akajibu. "Kitachukua. Tukipakia." Akasita. Kisha akafunga turubai kwa fundo ambalo mzee, mtoto wa pwani, hakulijua, na mzee hakuuliza alikojifunza.

Chuma hubandikwa kibao kinachosema kiasi chake, na mwenye macho husoma. Binadamu hupelekwa kazini bila ya kibao, na anayempakia hujua kwamba amezidisha pale tu springi inapokatika. Mzee alilirudisha sanduku lake ndani ya nyumba.

Usiku wa kwanza msituni mvua ilinyesha. Tela lilikuwa limefuata gari katika matope bila ya kuyumba, na hema lilisimama juu ya fremu waliyoichomelea wenyewe. Ndani yake, gizani, kijana alizungumza. Alizungumza kwa muda mrefu, na aliyoyasema ni yao wawili. Mzee alisikiliza kama alivyofunzwa kusikiliza ubao, bila ya kugonga kwa nguvu.

Asubuhi walikuta turubai limevuja pembeni na maji yamesimama sakafuni, mfano wa ngama ya jahazi. Mzee alichukua kopo, tayari kuyafua. Kijana akamzuia. Akainama, akaingiza mkono katika maji ya baridi, akapapasa mpaka akakiona kizibo, akakifungua. Wakasimama pamoja, wakiyatazama yanavyotoka.