Kuwa Mgeni kwa Watu: Kutoka Geita Hadi Obuasi

Ndugu msomaji, endapo wewe ni fundi wa mgodini, au ni mke wa fundi kama huyo, haitakuwa ajabu siku moja ukaletewa barua ya kukutaka ukafanye kazi Ghana kwa miaka miwili. Barua ya namna hiyo hutaja mshahara, tarehe ya safari na nyumba utakayopewa. Mambo mengine yote hayamo. Kwa kuyatafuta hayo yasiyomo, nilipanda basi mjini Shinyanga kwenda Geita, kwani watu wa ukanda ule wamewapokea wageni wa kazi kwa muda mrefu kuliko wengi wetu.

Basi huyapita majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba na ngitili ambamo Wasukuma huhifadhi malisho ya kiangazi, na kabla abiria hajakolea usingizi amefika Maganzo. Jirani ya hapo ni Mwadui. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua huko mwamba wenye almasi. Mgeni huyo asingefika mbali bila I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, aliyemsaidia kwa fedha na kwa sheria akawa mbia wake. Ukajengwa mji wenye shule yake, hospitali yake na kiwanja chake cha ndege, ukazungushiwa uzio. Williamson alifariki hapo hapo Mwadui mwezi Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, bila mke wala mtoto. Kila nipitapo njia ile huwaza juu ya huo uzio. Ulizuia almasi isitoke, lakini bila shaka ulizuia na mengine.

Kutoka Usagara tulishika njia ya Sengerema. Zamani safari ilikatikia Kigongo, abiria wakasubiri kivuko huku wakinunua samaki. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilometa 3 hadi Busisi, na maji ya ghuba hupitwa kwa dakika chache.

Geita ndipo penye uhusiano na Ghana, ingawa wengi wamekwisha kuusahau. Kampuni ya Ashanti Goldfields ilianza kuchimba Obuasi mwaka 1897. Mwaka 1996 iliinunua kampuni ya Cluff, na pamoja nayo ikapata eneo la Geita. Mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Waghana wakaja na ujuzi wao, Waafrika wenzetu, lakini wageni kamili kwa lugha na kwa chakula. Mwaka 2004 Ashanti iliungana na AngloGold ya Afrika Kusini, na hivyo Geita, Obuasi na Iduapriem za Ghana, na hata Siguiri ya Guinea, zikawa chini ya mwajiri mmoja. Njia iliyomleta Mghana kwetu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumpeleka mtoto wetu kwao.

Lakini asidhani anakwenda kuhamia. Sheria yetu ya mwaka 2015 humpa mgeni kibali cha kazi cha miezi 24, ambacho huweza kuongezwa bila kupita jumla ya miaka 8, na mwajiri hutakiwa kumwandaa Mtanzania wa kuishika kazi hiyo. Ghana nao wana kanuni za mwaka 2020 za kuwatanguliza Waghana migodini. Ni haki yao kama ilivyo haki yetu. Basi siku uanzapo kazi Obuasi, tambua kwamba yule kijana anayekaa kando yako na daftari anajifunza kukaa mahali pako.

Mjini Geita nilikaribishwa na dada mmoja aliyemfuata mumewe Obuasi, akakaa huko miaka miwili.

"Kaka, mwezi wa kwanza sikutoka nje ya geti," aliniambia. "Nilikuwa naangalia saa tu."

Hata saa yenyewe ilimsumbua. Ghana wako nyuma yetu kwa saa tatu. Jua likiwa utosini Obuasi, Geita ni saa tisa alasiri. Isitoshe, wao huhesabu saa kwa Kiingereza. Alimwambia dereva aje saa mbili kumpeleka sokoni, naye akaja mchana, saa nane yetu, wakati soko limekwisha changamka na kupoa.

Aliyemtoa ndani ni jirani Mghana. Alimwona anatafuta muhogo, akamfundisha kutwanga fufu. Naye akampikia bada. Walicheka kwa kuwa kila mmoja alikiona chakula cha mwenzake ni kile kile kilichoharibiwa kidogo. Jirani akamweleza kwamba Kofi ni mtoto wa Ijumaa na Kwame wa Jumamosi. Dada naye akaeleza kwamba Usukumani wapo Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija.

Nilipouliza juu ya watoto, alinyamaza kidogo. Mdogo walikwenda naye. Mkubwa alikuwa darasa la sita, katika shule ifundishayo kwa Kiswahili. Huko angeingia darasani kwa Kiingereza, kisha arudi nyumbani kwa mtihani wa darasa la saba. Wakaamua abaki Kahama kwa bibi yake. Alifaulu vizuri. Ila waliporudi, mtoto alikuwa akihitaji kitu humwomba bibi kwa simu, wakati mama yuko jikoni.

"Mshahara ulikuwa mzuri," alisema, "na nyumba hii ndiyo iliyotokana nao. Sisemi tulikosea."

Mimi nami sisemi walikosea. Ila ningependa jambo la shule lizungumzwe mezani kabla barua haijatiwa sahihi, mtoto mwenyewe akiwapo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hupatikana mapema. Jibu la mtoto huchukua siku nyingi zaidi.

Nilipoaga, alikuwa akifunga kifurushi cha michembe. Kijana mmoja wa mgodini alikuwa asafiri wiki ile kwenda Obuasi, na kifurushi kilikuwa cha yule jirani. Aliniomba nikinyanyue nikisie uzito, asije kijana akalipishwa uwanja wa ndege. Nilikisia kilo tatu. Akapunguza kidogo, halafu akarudisha.